Metali Si Sakafu Tu: Uhakiki wa Madai kuhusu Silisini

Silisini ni tabaka la silikoni lenye unene wa takribani atomi moja. Mwaka 2012, Patrick Vogt na wenzake walieleza namna lilivyopatikana juu ya fuwele ya fedha. Ndani ya ombwe, mvuke wa silikoni ulielekezwa kwenye uso wa fuwele hiyo, uliopashwa joto la zaidi ya nyuzi 200 za Selsiasi, na atomi zikajipanga kwa umbo la sega la nyuki. Walidai pia kwamba elektroni za tabaka hilo huenenda kama zile za grafini. Uhakiki huu unaafiki dai la kwanza na kulipinga la pili.

Udhaifu wa dai la pili umo katika kuichukulia metali kama sakafu tu. Grafini hubanduliwa kutoka katika grafaiti, ambayo kwa asili ni matabaka. Silikoni haina asili hiyo, kwani kila atomi yake huelekea kushikana na nyingine nne. Fedha ndiyo huilazimisha kutandaa, kwa kuwa vizio 3 vya silisini hulingana kwa urefu na vizio 4 vya uso wa fedha.

Mifano miwili ya mkoani Mara inabainisha tofauti hiyo. Vumbi likitua juu ya maji ya Bwawa la Manchira, wilayani Serengeti, hubaki vumbi. Kinyume chake, zebaki ya wachimbaji wadogo ikigusa dhahabu hushikamana nayo, na kuzitenganisha huhitaji moto. Silisini haizami ndani ya fedha kama zebaki izamavyo katika dhahabu. Hata hivyo, inakaribiana zaidi na mfano huu wa pili.

Ushahidi uliofuata unaunga mkono hoja hiyo. Mwaka 2013, Chun-Liang Lin na wenzake walionesha kuwa mshikamano na fedha huondoa tabia ya elektroni iliyodaiwa. Mwaka 2015, transista ya silisini ya Li Tao, Deji Akinwande na wenzao ilifanya kazi, lakini ilipokutana na hewa ilidumu kwa dakika chache tu.

Kwa hiyo, sifa zilizopimwa juu ya fedha ni za silisini na fedha kwa pamoja. Maelezo ya Kiswahili yanayoitaja silisini bila kuitaja metali yake humfundisha msomaji kitu ambacho vipimo hivyo havikukiona.