Fundi wa Jua la Kobe

Kuna kobe wa maji baridi mwenye mstari mwekundu nyuma ya jicho. Mtoto wake huanguliwa akiwa na urefu wa sentimita tatu hivi, na ukimweka kiganjani unazisikia kucha zake kuliko uzito wake. Mwili wake hauna joto la kujitosheleza. Akila huku amepoa, chakula hukaa tumboni bila kusagika. Vijidudu vikimwingia, kinga yake huwa imezubaa. Mapigo ya moyo, hamu ya kula, ugumu wa gamba, vyote vinangoja joto litoke nje. Hata jinsia yake iliamuliwa na joto kabla hajatoka yaini: mayai yaliyokaa kwenye nyuzi 26 hutoa madume, yaliyokaa kwenye nyuzi 31 hutoa majike.

Kwao ni bonde la mto Mississippi, Marekani. Huko asubuhi kobe hawa hutoka majini, hupanda magogo na kuota jua mpaka wapate joto la kuendea kutafuta chakula. Anayemfuga ndani ya nyumba hana budi kumtengenezea jua hilo. Wengi hununua balbu moja, wakaibana ukingoni mwa tangi, wakaona kazi imekwisha. Mimi nimemwona mtu akiifanya kazi hii kwa heshima yake yote, na tangu hapo kila nikikuta tangi la kobe mahali, macho huenda kwenye taa kwanza.

Mtu huyo ni fundi umeme, mzaliwa wa Tanga, anayeishi Columbus katika jimbo la Ohio. Binti yake alipewa kobe na mfanyakazi mwenza wa baba yake, ambaye kobe wake wakubwa walitaga na mayai yakaanguliwa. Alipewa, hakuuziwa, maana tangu 1975 sheria ya Marekani inakataza kuuza kobe mwenye gamba lisilofika inchi 4, yaani sentimita 10. Watoto walikuwa wakiambukizwa bakteria wa salmonela kwa kuwashika kobe hao wadogo na kuwatia mdomoni. Kwa hiyo katika nyumba ile, kabla ya somo lolote la taa, kulikuwa na sabuni na amri ya kunawa.

Kobe aliahidiwa kwa mwezi wa Novemba. Wakati huo Columbus jua hupita chini chini upande wa kusini, na hata adhuhuri nguvu ya miale yake ya urujuanimno, kwa kile kipimo kinachotangazwa kwenye utabiri wa hali ya hewa, hufika 1 au 2 tu mwezi wa Desemba. Tanga, mchana wa anga safi, kipimo hicho hicho hupita 10. Sisi tuliokulia pwani tumelelewa na jua la bure, la kukimbiwa chini ya mwembe. Labda ndiyo sababu nilistaajabu nilipomwona mtu akiliunda kipande kwa kipande.

Kitu cha kwanza alichonunua ni vipimo. Alikuwa na kipimajoto cha kuzama majini, kingine cha hewani, na kile chenye umbo la bastola kinachosoma joto la juu ya kitu bila kukigusa. Kisha akaazima kifaa cha kupimia miale ya urujuanimno, kidogo cha kushika mkononi, ghali kuliko taa zote alizoweka. Nilimwuliza, "Fundi, mkono hautoshi kujua kama pana joto?" Akanijibu kwamba mkono wa mtu una joto lake mwenyewe, nao huyapima mambo kwa kujifikiria wenyewe. Mahali panapouburudisha mkono panaweza kumkausha kobe wa gramu kumi, na maji tunayoyaona ya uvuguvugu mzuri yanaweza kuwa yanamlegeza.

Alianza na maji. Mtoto wa kobe huyu anahitaji maji ya nyuzi 26 hadi 28, juu kidogo ya yale yanayomfaa mkubwa. Hita aliyoiweka ni ya kuzama, ina themostati yake, na nguvu yake ni kama wati moja kwa kila lita. Aliilaza karibu na sakafu ya tangi, mbele ya mdomo wa chujio, ili maji yanayotoka yapite juu yake na kulisambaza joto. Ingesimamishwa wima, maji yakipungua kwa mvuke ncha yake ingebaki hewani, ikachemka na kupasuka. Juu yake akaivisha kizimba cha plastiki chenye matundu madogo, kwa kuwa kitoto cha kobe hupenda kujichomeka nyuma ya vitu, na hapo angeungua au angekwama asipate pumzi. Siku ya kubadilisha maji, plagi hutolewa kwanza, halafu hungojwa. Hilo la kungoja ndilo linalosahaulika majumbani.

Kisha gogo: kipande cha gome jepesi kinachoelea, chenye mteremko wa kupandia, uso wake mkavu kabisa. Kobe anayeota jua akiwa na tumbo lililolowa hapati faida yote, kwa sababu sehemu ya kazi ya kuota jua ni kulikausha gamba ili ukungu usilishike.

Hapo juu ya gogo ndipo ilipo roho ya ufundi wenyewe.

Jua hutoa vitu vingi kwa mkupuo mmoja: mwanga wa kuonea, joto, na miale isiyoonekana kwa macho yetu. Dukani vitu hivyo huuzwa kimoja kimoja. Balbu ya halojeni inatoa joto na mwanga, haitoi kwa kiasi cha maana miale ya UVB, ambayo ni sehemu ya ile ya urujuanimno. Tyubu ya UVB inatoa miale, lakini joto lake halimtoshi kobe. Kuna kigae cha umeme kinachotoa joto bila mwanga wowote. Mnunuzi asiye makini huweka kimoja akaacha kingine, au huweka vyote lakini kila kimoja kwenye kona yake, joto huku na miale kule. Kobe basi hulazimika kuchagua kati ya kupata joto na kujenga mifupa.

Kwa nini viwe pamoja? Miale ya UVB ikipiga ngozi hugeuza aina ya mafuta iliyomo humo kuwa kitangulizi cha vitamini D3. Kitangulizi hicho hakijawa vitamini bado. Kinachokikamilisha ni joto la mwili, nalo hufanya kazi hiyo polepole sana mwili ukiwa umepoa. Baadaye ini na figo huimalizia, na hapo ndipo utumbo unapoweza kufyonza kalsiamu iliyomo kwenye chakula. Mnyororo ukikatika popote, mwili huichota kalsiamu kutoka kwenye mifupa, gamba likawa laini kwa kubonyezwa na kidole, taya likapinda, na mtoto akashindwa kujiinua kwenda kwenye gogo lake. Wafugaji wengi humwaga kalsiamu kwenye chakula na kushangaa kwa nini gamba halikazi.

Fundi alizifunga taa mbili sambamba, tyubu na halojeni, zote zikiangalia gogo lile lile kutoka juu. Kutoka juu, si ubavuni. Jua halimwangazii kobe usoni kutoka pembeni, na ukingo wa mfupa ulio juu ya jicho lake ndio kivuli chake. Taa ya ubavuni hukipita kivuli hicho ikamchoma macho.

Halafu ikaja hesabu ya umbali, na sikuwahi kuona mtu akikishughulikia kipande cha hewa kwa subira namna ile. Alianza na taa juu sana. Akaweka kipima miale juu ya gogo, mahali litakapokuwa gamba, wala si mahali lilipo gogo, kwa kuwa mgongo wa kobe uko juu ya gogo na atakua. Akateremsha taa kidogo, akasoma. Akateremsha tena. Mwaka 2010 mtafiti Gary Ferguson na wenzake waliwapanga mijusi na nyoka katika makundi manne kwa kufuata kiasi cha miale wanachojitafutia wenyewe porini, na kobe huyu naye huwekwa kwenye kundi la tatu, la wale wanaoota jua waziwazi. Kwa kipimo kile kile cha utabiri wa hali ya hewa, Fundi alikuwa akitafuta 3 hivi pale juu ya gogo, kikipungua hadi karibu na sifuri mwisho wa pili wa tangi. Alipokipata, akaweka alama kwa utepe kwenye nguzo ya taa. Kisha akafanya vivyo hivyo kwa halojeni mpaka uso wa gogo ukasoma nyuzi 32 na kutulia.

Tangi halikuwa na kifuniko cha kioo chini ya taa. Kioo cha kawaida huizuia miale ya UVB karibu yote, na ndiyo maana kobe anayewekwa dirishani, mbele ya jua zuri kabisa, hupata joto na mwanga na akakosa kile anachokihitaji zaidi. Wavu wenye matundu madogo nao hula sehemu kubwa ya miale. Nyumba ile haina paka, kwa hiyo juu aliacha wazi, taa zikaning'inia kwa minyororo. Vile vibanio vinavyouzwa pamoja na taa hakuvitumia hata kimoja. Taa ya moto ikiponyoka na kuangukia zulia huunguza nyumba, na yeye kama fundi umeme amewahi kuona mabaki ya ajali za namna hiyo.

Nyaya zake zilinipendeza kuliko kitu kingine chochote. Kila waya uliotoka kwenye tangi ulishuka chini kupita soketi, ukapinda kitanzi, ndipo ukapanda kuingia kwenye plagi. Tone la maji likiteremka na waya hufika chini ya kitanzi na kudondokea sakafuni, haliwezi kupanda. Soketi yenyewe ni ile inayojikata umeme unapovuja. Halojeni ilipitia themostati inayofifisha taa kidogo kidogo badala ya kuizima na kuiwasha, ili kobe asikae kwenye jua linalopepesa. Taima iliwasha kila kitu asubuhi na kuzima baada ya saa 12. Usiku kukawa giza kamili. Dukani walimpa balbu nyekundu, wakimwambia kobe haioni rangi hiyo. Anaiona vizuri sana, tena huona na sehemu ya urujuanimno ambayo sisi hatuioni, hivyo balbu ya aina hiyo ingemnyima usiku wake. Joto la usiku lilitoka majini tu, nalo lilitosha.

Wiki nzima mtambo uliwaka bila kobe. Binti aliandika namba kwenye daftari asubuhi, mchana na kabla ya kulala. Nilidhani baba yake anampa mtoto kazi ya kumshughulisha. Siku ya baridi kali ilipokuja, daftari likaonyesha hewa ya juu ya maji imeshuka mno kuliko maji yenyewe. Kobe anayevuta hewa baridi akiwa kwenye maji yenye joto anaweza kuugua mapafu. Utamjua kwa kuogelea amelala upande na mapovu puani. Fundi akazungushia tangi ukuta mfupi wa ubao, hewa ikatulia. Kobe alikuwa bado hajafika, na hatari iliyokuwa ikimngoja ilikwisha kuondolewa.

Alipofika alijificha majini muda mrefu. Hakuna aliyemgusa wala kumpandisha kwenye gogo. Fundi anaamini, nami nakubaliana naye, kwamba kazi ya mfugaji ni kutengeneza mahali pa joto, mahali pa baridi na njia kati yake, kisha kumwachia kobe uamuzi. Yeye ndiye anayejua saa ngapi amepoa na saa ngapi amechoka na jua. Siku moja asubuhi tukamkuta juu. Alikuwa amenyoosha shingo yote, amefumba macho, miguu ya nyuma ameitupa nyuma na kuvitanua vidole mpaka utando mwembamba kati yavyo ukapitisha mwanga wa taa. Kobe mwenye hofu hakai hivyo, na kobe aliyepungukiwa joto hujikunyata. Binti alichukua daftari akaandika saa.

Anayetaka kumfuga kobe wa namna hii, namwomba awashe taa kwanza na achukue kobe baadaye. Apime wiki nzima, na namba zisipotulia amwachie aliyenaye. Walio Kenya na Tanzania wasiende kuokota kobe porini, maana wanyama wale wanalindwa na sheria na kuwafuga kunahitaji kibali. Na aliyemchoka asimmwage mtoni. Kobe huyu wa Mississippi amekwisha kuwasukuma kobe wenyeji katika nchi nyingi, na Umoja wa Ulaya ulizuia kumwingiza tangu 1997. Atakayemchukua ajue pia kwamba tyubu ya UVB huendelea kuwaka vizuri machoni hali miale yake imefifia, kwa hiyo hubadilishwa kila baada ya miezi 6 hadi 12, na kobe mwenyewe, akitunzwa, huishi miaka 20 hadi 30 au zaidi.