Hiari, Ridhaa na Ushungi

Vitabu huchelewa kufika visiwani. Kitabu cha Leila Ahmed kiitwacho A Quiet Revolution kilichapishwa mwaka 2011 na shirika la uchapaji la Chuo Kikuu cha Yale, na nakala niliyoisoma mimi ilinifikia baada ya kupita katika mikono mingi, kurasa zake zimekunjika pembe na mistari imepigwa na wasomaji nisiowajua. Jina lake nalifasiri "Mageuzi ya Kimya". "Mapinduzi" nimeliacha, kwa kuwa kwetu Unguja neno hilo lina tarehe yake. Sijutii kuchelewa huko. Mengi yametokea juu ya hijabu tangu kitabu kiandikwe, na yote yamekuwa mizani ya kukipimia.

Bibi Leila alizaliwa Cairo mwaka 1940, akasoma Cambridge ya Uingereza, kisha akawa profesa katika Chuo Kikuu cha Harvard, Marekani. Katika mji wa utoto wake wanawake wengi walikwenda vichwa wazi, na hapana aliyewahesabu kuwa wamepungukiwa na Uislamu. Mwaka 1956 Albert Hourani, mwanahistoria mashuhuri wa nchi za Kiarabu, aliandika kwamba hijabu inatoweka na kwamba haina umri mrefu uliobakia. Mwandishi wetu aliyaamini hayo, kama walivyoyaamini wengi wa rika lake. Kisha, mwishoni mwa miaka ya 1990, akaona katika uwanja mmoja wa Cambridge ya Massachusetts kundi la wanawake waliovaa hijabu, na moyo wake ukashituka. Kitabu kizima ni jitihada ya kuutafutia mshituko ule sababu.

Sehemu ya kwanza yatupeleka Misri. Hapo tunakutana na Lord Cromer, aliyeitawala nchi ile kwa niaba ya Waingereza tangu 1883 hadi 1907, na ambaye katika kitabu chake cha 1908 alidai kwamba Uislamu umemdunisha mwanamke, na kwamba utaji na kutengwa ndiko kunakoizuia Misri kuendelea. Bwana huyo huyo alipandisha ada za skuli za serikali, na aliporejea kwao akawa kiongozi katika jumuiya iliyopinga wanawake wa Uingereza kupewa haki ya kupiga kura. Mwandishi aliyaeleza haya katika kitabu chake cha 1992 pia, na yafaa kurudiwa: mtu aliyemlilia mwanamke wa Cairo hakumwonea huruma mwanamke wa London. Kilio chake kilikuwa hoja ya utawala.

Kisha twaonyeshwa jinsi hijabu ilivyorudi katika miaka ya 1970, baada ya Misri kushindwa katika vita vya 1967. Haikurudi kwa mlango wa bibi zetu. Ilikuja na mabinti wa vyuo vikuu, aghalabu mama zao wakiwa hawaivai, na vazi lenyewe lilikuwa jipya kwa mshono. Lilienea pamoja na vyama vya dini vilivyofungua zahanati na kuwasaidia wanafunzi maskini. Sehemu ya pili yavuka bahari hadi Marekani, ambako baada ya tarehe 11 Septemba 2001 wako waliovua ushungi kwa kuhofia usalama wao, na wako waliouvaa kwa mara ya kwanza ili wasiwaache wenzao peke yao.

Jambo nililolipenda kuliko yote ni kwamba mwandishi amekubali kubadilika mbele ya macho yetu. Alianza na shaka, na mwisho amekiri kuwa wengi wa wanaopigania haki za wanawake na za wanyonge miongoni mwa Waislamu wa Marekani wametoka katika jumuiya zile zile alizozishuku. Nadra kumwona msomi wa rika lake akiandika kwamba alikosea. Wanaobishana juu ya hijabu, wa Magharibi na wa kwetu, wangalijifunza adabu hiyo pekee, nusu ya makelele ingalipungua.

Hata hivyo ninayo kauli yangu, nami naitoa kama mfasiri aliyejifunza Kiingereza kwa kamusi na subira, bila ya kupita chuoni. Nilijaribu kuzifasiri kurasa kadhaa ili nizisome katika baraza yetu ya wanawake, na nikakwama. Kiingereza kina neno moja la kuchagua, na mjadala mzima wa Magharibi umejengwa juu yake: ikiwa mwanamke amechagua, aachwe, ikiwa hakuchagua, amelazimishwa, basi aokolewe. Nililifasiri neno lile kwa "hiari", nikasoma. Bibi mmoja, mwenye umri wa kunizaa, akanisikiliza hadi mwisho, kisha akasema: "Mwanangu, mimi sikuchagua wala sikulazimishwa. Nimekua nalo buibui langu, na Mola wangu ameniamrisha stara. Sasa wewe utaniweka kundi gani katika kitabu chako?"

Sikuwa na kundi la kumweka. Nilirudi nyumbani nikayapanga maneno yetu upya. Hiari ni kutaka mwenyewe, bila ya kusukumwa. Ridhaa ni kukubali jambo ulilolikuta au uliloletewa, na moyo ukatulia nalo. Utiifu ni kufuata amri ya unayemkubali kuwa ana haki ya kukuamrisha. Nayo mazoea hayangoji kuulizwa. Mtu huyakuta amekwisha kuyavaa. Kwa Kiswahili haya ni maneno manne, na wanawake wa barazani kwetu wameenea katika yote manne. Sehemu ya pili ya kitabu imewaelekea zaidi wanaharakati, wasomi na waandishi, watu ambao kueleza sababu zao ni sehemu ya kazi yao. Nawaheshimu. Lakini mwanamke asiye na hotuba, anayejifunga ushungi alfajiri kabla ya kwenda kazini, simwoni sawasawa katika kurasa hizi. Na yeye ndiye anayeguswa kwanza sheria inapotungwa.

Msomaji asidhani kwamba huu ni ubishi wa kamusi tu. Ufaransa ilitunga sheria mwaka 2004 kuwakataza wanafunzi wa skuli za serikali kuvaa alama za dini zinazoonekana wazi, na mwaka 2010 ikatunga nyingine ya kukataza kufunika uso hadharani. Mwanamke mmoja Mwislamu wa nchi ile, ambaye jina lake limehifadhiwa kwa herufi tatu tu, aliishitaki Ufaransa katika Mahakama ya Ulaya ya Haki za Binadamu. Alieleza kwamba hakushurutishwa na mume wala jamaa, kwamba siku nyingine huvaa nikabu na siku nyingine huiacha, na kwamba yu tayari kuonyesha uso penye ukaguzi wa usalama. Julai 2014 mahakama ilitoa hukumu. Ilisema kuwa dola haiwezi kutumia usawa wa wanawake kuwa sababu ya kukataza jambo ambalo wanawake wenyewe wanalitetea. Kisha ikaikubalia Ufaransa kukataza, kwa ajili ya kile kilichoitwa kuishi pamoja.

Soma tena, msomaji. Kwa miaka mingi mwanamke huyu aliambiwa athibitishe kwamba amechagua. Alipojieleza kwa hiari kamili kama walivyoitaka, hiari ile haikumfaa kitu. Kumbe swali lilikuwa jingine. Na mwaka 2023 zuio la skuli likaongezwa hadi kwenye abaya, na mtoto wa kike akapimwa urefu wa gauni lake mlangoni mwa darasa.

Sisi wa visiwa hivi tunayo kumbukumbu inayohusu jambo hili. Laura Fair, mwanahistoria wa Kimarekani, ameeleza katika kitabu chake cha 2001, Pastimes and Politics, jinsi wanawake wa Unguja walivyoubadilisha uvaaji wao baada ya utumwa. Wajakazi hawakuruhusiwa kujifunika vichwa mbele ya mabwana zao. Nguo zao zilikuwa merikani na kaniki. Amri ya 1897 ilipoondoa utumwa katika sheria, masuria waliachwa nje, wakangoja mpaka 1909. Waliopata uhuru wao wakavaa kanga na kufunika vichwa, na katika miongo ya mwanzo ya karne ya ishirini wengi wakajitanda buibui, ambalo kabla ya hapo lilikuwa vazi la wenye hadhi. Katika miaka ile ile ambayo Cromer aliandika kwamba kujifunika ni utumwa, wanawake wa Ng'ambo walijifunika ili ijulikane kwamba si watumwa tena. Wahenga walisema hiari yashinda utumwa. Wanawake wale walizijua pande zote mbili za methali hiyo.

Kwa hiyo nguo haina maana yake yenyewe ya kudumu. Maana hupewa na mwenye uwezo wa kuamrisha ivaliwe au ivuliwe. Iran ndiyo shahidi wa pande zote mbili: mwaka 1936 Reza Shah aliipiga marufuku hijabu, na wako wanawake waliojifungia majumbani kwa kuona haya kutoka bila ya kujifunika, baada ya mapinduzi ya 1979 dola mpya ikaifanya lazima, na mwaka 1983 ikaiwekea adhabu katika sheria. Septemba 2022 Mahsa Amini, msichana wa miaka 22, alifariki baada ya kukamatwa na polisi wa maadili kwa ajili ya ushungi. Atakayeilaumu Paris na kuinyamazia Tehran hamtetei mwanamke. Na atakayefanya kinyume chake ni vivyo hivyo.

Nisingependa kuishia ng'ambo ya bahari, maana ni rahisi kuwahukumu walio mbali. Binti yangu alipotimiza miaka kumi nilimfunga ushungi kwa mikono yangu mwenyewe. Sikumwuliza, kama nami sikuulizwa. Alipokuwa mtu mzima aliniambia kwa upole: "Mama, ningalikataa siku ile, ungalifanyaje?" Nilijishughulisha na chai, nisimjibu. Leo anaishi nyumba yake, anauvaa ushungi wake bila ya mimi kuwapo, nami siwezi kusema kama ni hiari, ridhaa, utiifu au mazoea. Najua tu kwamba swali lake lilikuwa la haki, na kwamba mitaani kwetu wako wanaotukanwa kwa kwenda kichwa wazi, ilhali sisi tunaolalamikia sheria za Ufaransa tunapita kimya.

Stara, kwa Kiswahili chetu, si nguo peke yake. Mtu humstiri mwenziwe kwa kutofichua aibu yake, kwa kumlipia deni kimyakimya, kwa kumfungia mlango mgeni asiione dhiki ya nyumba. Stara ya namna hiyo humtaka anayestiri amheshimu anayestiriwa. Dola inayomvua mwanamke ushungi mlangoni mwa skuli haikumstiri, wala inayomburuta kwa sababu ya nywele zake.

Kitabu cha Leila Ahmed chastahiki kufasiriwa kwa Kiswahili, chote, na atakayeianza kazi hiyo nitamsaidia kwa nilichonacho. Ninachomwomba ni kwamba atakapolifikia neno lile la kuchagua asilifasiri kwa pupa. Aende kwanza barazani, akae na yule bibi, amsikilize. Binti yangu naye bado namdai jibu nililomnyima, na makala hii ndiyo mwanzo wa kumjibu.