Plywood Ile Ing'olewe

Karakana imependeza, hilo halina ubishi. Taa ziko mahali pake, feni ya kuvuta vumbi inafanya kazi, mabenchi yamenyooka. Hayo yameisha.

Kilichobaki ni zile sekunde chache ambazo kila aliyetazama video ya ukarabati wa karakana hii atazikumbuka. Ekstensheni inatoka kwenye soketi ya ukutani na kukatiza sakafu hadi kwenye sirkula iliyo katikati. Fundi hataki watu wajikwae, na nia yake ni njema. Anachukua kipande cha plywood, anaulaza waya chini yake, anakigongelea misumari pembe nne, kisha anakikanyaga kuonyesha kilivyo imara. Msumari wa tatu umeingia umbali wa kidole tu kutoka kwenye waya. Hilo ni kosa, tena si dogo.

Waya ulio wazi hukaguliwa kwa macho: ukichubuka au ukilainika, fundi anaujua. Huu uliozikwa hautajulikana mpaka unuke. Toroli la mbao litapita juu yake kutwa, na vumbi la randa litajipenyeza humo humo.

Isitoshe, waya wenyewe ni mwembamba. Tuseme una unene wa milimita 1 ya mraba, kama zilivyo ekstensheni nyingi za bei chee, na urefu wa mita 25. Sirkula ya wati 2000 kwenye volti 230 huvuta karibu ampea 9. Umeme ukienda na kurudi, volti zipatazo 9 zinapotelea njiani, na wati kama 80 zinageuka joto. Hewani joto hilo hutawanyika. Chini ya ubao uliojaa vumbi halina pa kwenda. Fyuzi ya ampea 13 iliyomo kwenye plagi haitashtuka, maana kwake ampea 9 ni mzigo wa kawaida. Waya wa milimita 2.5 za mraba ungepunguza hasara hiyo hadi chini ya nusu.

Marekani, kanuni za OSHA za usalama kazini zinakataza kutumia waya wa ekstensheni badala ya nyaya za kudumu, na pia kuuficha nyuma ya ukuta au chini ya sakafu. Mzee aliyepikwa kwenye karakana za Shirika la Reli la Afrika Mashariki, kabla Jumuiya ya Afrika Mashariki ya zamani haijavunjika mwaka 1977, asingehitaji kusomewa kanuni. Na kabla ya kila mashine kuwa na mota yake, viwanda viliendeshwa na shafti moja ndefu iliyopita juu, mikanda ikiteremka hadi kwenye kila mashine. Mikanda ile ilikata vidole, lakini angalau kila mtu aliiona.

Dawa ya sirkula hii inajulikana: nyaya za kudumu ndani ya bomba, zipande ukutani, zipite darini, ziteremke hadi kwenye soketi ya mashine. Kwa drili na grinda, soketi ining'inie juu ya benchi, isiguse kichwa cha mtu. Nyuma ya zote kiwepo kifaa cha kukata umeme unapovuja, cha miliampea 30. Fundi aliyeweza kufunga feni ile hashindwi na kazi hiyo.

Safu hii imeshapiga kelele kuhusu nyaya zinazochomekwa kwenye soketi kwa njiti za kiberiti, na kuhusu kalamu inayosukumwa kwenye tundu la ethi ili plagi ya pini mbili iingie. Njiti hazikuonekana safari hii, shukrani. Lakini kwenye kona ya kushoto grinda imechomekwa kwenye ekstensheni ya gurudumu iliyoviringwa yote. Magurudumu mengi ya namna hiyo yana maandishi ubavuni: kama wati 1000 yakiwa yameviringwa, 3000 yakikunjuliwa.

Sehemu ya pili ya video imeahidiwa, na inasemekana itahusu rangi ya milango. Rangi isubiri: plywood ile ing'olewe kwanza, mbele ya kamera, na waya ukaguliwe pale kwenye msumari wa tatu.