Dele Lililolala

"Hapa dele limeshakwisha," alisema muuza kahawa, kidole chake kikigonga ukingo wa picha. Mimi nilidhani nimekipiga kikombe cha kwanza cha asubuhi: mvuke mwembamba, mkono wa kushoto umebana vikombe vitatu, wa kulia umeinua dele. Akanionyesha. Dele limelala mno. Likijaa, huliinamisha kidogo tu kahawa ikaja yenyewe. Likifika mwisho ndipo hulazwa hivyo. Picha nimeipiga mwenyewe, nimeikodolea macho siku tatu kwenye kompyuta, na hilo sikuliona.

Ndiyo maana picha zangu huzipeleka kwa wenyewe. Kila Alhamisi huchagua picha nane au kumi za wiki ileile, nikaenda kuzisafisha, nikazitia kwenye bahasha na kuzizungusha Mji Mkongwe: Jaws Corner penye kahawa, Darajani kwa wauza samaki, kisha kwa seremala mmoja wa milango. Si picha za harusi wala za watalii. Ni za juzi na jana. Mtoto amelala barazani, begi la skuli ndiyo mto wake. Paka amekaa kwa adabu akingoja muuza changu amalize hesabu.

Kamera yenyewe huingia kwenye mfuko wa kanzu. Zile kubwa tulizozizoea zina kioo ndani, kimekaa mshazari nyuma ya lenzi kuirusha taswira juu hadi jichoni. Ukibonyeza, kioo huruka kwa kishindo ili mwanga upite. Mwaka 2008 Panasonic walitoa Lumix G1, isiyo na kioo hicho. Mwanga huenda moja kwa moja kwenye sensa, na wewe unaitazama picha kwenye skrini. Lenzi ikapata kusogea nyuma karibu nusu ya masafa ya awali, na kamera ikakonda. Mwaka uliofuata Olympus wakaleta E-P1, wakalifufua jina la Pen, kamera ndogo aliyoibuni Yoshihisa Maitani mwaka 1959, iliyoigawa kila fremu ya mkanda mara mbili ili mkanda wa picha 36 utoe 72. Ubahili wa aina hiyo naupenda sana.

Yangu ni ya ukoo huo, na ina kasoro za ukoo. Sensa yake ni milimita 17.3 kwa 13, karibu robo tu ya eneo la fremu ya mkanda wa kawaida, kwa hiyo magharibi ikiingia picha hujaa chenga. Skrini nayo inakula betri. Alfajiri moja pale Malindi mashua zilikuwa zinaingia, mwanga wa rangi ya samli umelala juu ya maji, na kamera ikazima mkononi mwangu. Nikasimama kama mtu aliyekwenda sokoni akasahau pochi.

Lakini udogo ndio mtaji wake. Ukitoa kamera kubwa, watu hujikaza kama wanapigwa za pasipoti. Hii ndogo wanaitazama mara moja, wanarudi kwenye mazungumzo yao. Sisemi mtu aibe sura za wenzake; hodi ni hodi, hata kwa kamera. Bibi mmoja aliniambia, "Usinipige mwanangu, sijajitanda." Nikaishusha, tukaongea bei ya ndizi.

Kazi kubwa ni kungoja. Vichochoro vyetu ni vyembamba na majumba ni marefu, jua halifiki chini ila kwa muda mfupi. Nimejifunza kutafuta ukuta uliopakwa chokaa, unaoupokea mwanga ng'ambo ya kichochoro na kuurudisha kwenye nyuso za wapita njia. Hapo huegemea, napima mwanga wa uso na kuuacha ukuta uungue ukitaka, kisha nakaa. Dakika 20, pengine saa nzima. Siku nyingine sipati kitu, narudi na mkate.

Mji huu haukuanza leo kupigwa picha. Capital Art Studio ipo tangu 1930, na nikizitazama picha zake za zamani macho hunikimbilia pembeni, kwa mtu aliyepita nyuma tu, asiyejua kwamba amo. Huyo ndiye ninayemtaka. Ila yeye hakuwahi kuiona picha yake, wala kuulizwa alikuwa anakwenda wapi.

Alhamisi iliyopita nilimfikishia muuza kahawa bahasha mpya. Zake zilikuwa mbili, akazitazama haraka. Akaishika ya tatu, ya yule mtoto wa begi.

"Huyu wamemhamishia Pemba juzi, kwa mama yake mdogo," alisema. "Babu yake huja hapa baada ya Alasiri."

Akaifuta kwa ukingo wa kikoi, akaichomeka chini ya bati la kashata, uso wa picha ukiwa juu, akaendelea kumimina.