Dakika Kumi Baada ya Stendapu

Picha ni ileile kila wiki. Vijana saba wamesimama nusu duara mbele ya ubao uliojaa vikaratasi vya njano, waridi na kijani. Mmoja ameshika kalamu, mwingine anacheka, na nyuma yao kuna kiti cha rangi kali ambacho hakuna dalili kwamba kiliwahi kukaliwa. Chini ya picha zinamiminika sifa: timu ya mfano, utamaduni wa ushirikiano, hongereni sana. Hakuna hata mpongezaji mmoja anayeuliza kwa nini vikaratasi vya safu ya katikati ni vingi kuliko watu waliopo pichani, wala kwa nini kila kikaratasi kina jina moja tu.

Aliyewahi kufanya kazi kwenye timu nzuri huiona kasoro hiyo kabla hajaziona sura za watu. Timu mbovu zimekuwapo tangu watu walipoanza kulipwa mishahara kwa kazi ya kompyuta, na hilo halimkeri. Kinachomkera ni kuziona zikitunukiwa. Mtu anakaa kozi siku mbili, anatoka na cheti cha skramu masta, na mwezi haujaisha anapanda jukwaani kuwafundisha wenzake namna ya kubandika karatasi ukutani. Kibaya chajitembeza, na siku hizi kinatembea na mpiga picha.

Basi kijulikane kinachopimwa. Watu 17 waliokutana Snowbird, katika milima ya Utah, tarehe 11 hadi 13 Februari 2001, waliandika tamko fupi la ajaili, mtindo wa kutengeneza programu kwa hatua fupi, lenye maadili manne, na kulifuatishia kanuni 12. Humo hamna ubao, sprinti, pointi wala stendapu. Mna watu kuzungumza ana kwa ana, watu wa biashara kukaa na watengeneza programu kila siku, na timu kujitazama mara kwa mara ili ijirekebishe. Vingine vyote ni vyombo vya kazi tu. Anayepima timu ya ajaili ana swali moja la kujibu: je, kazi inapita mikononi mwa watu, au kila mtu amekumbatia yake?

Kwa mgeni mwenye haraka, vipo vigezo vya mlangoni. Timu ya watu sita isiwe na kadi zaidi ya tatu zinazoendelea. Nne zinavumilika, na zikifika saba hao ni watu sita waliochangia kodi ya chumba. Kadi iandikwe kwa mkono, kwa kalamu nene, na kazi isiyoenea kwenye kadi igawanywe badala ya kupunguziwa herufi. Jira, ubao wa kwenye kompyuta, inaruhusiwa kwa timu iliyotawanyika, ingawa haijawahi kumwinua mtu kitini. Sprinti, yaani mzunguko mmoja wa kazi, iwe ya wiki mbili. Ya wiki nne ni mradi wa kizamani uliobadilishiwa jina. Demo, yaani maonyesho ya kazi iliyokamilika, ifanywe na aliyeuandika msimbo, juu ya programu inayofanya kazi. Ikitokea slaidi, mpimaji afunge daftari lake. Na prodakti ona, msemaji wa biashara kwenye timu, akionekana siku ya demo tu, apewe kiti cha wageni.

Hayo ni mepesi. Palipo na uhondo ni kwenye stendapu, kikao kifupi cha kila asubuhi, na hapo ndipo wasiojua hupotea wote.

Wao hutazama kikao chenyewe. Wanahesabu dakika 15, wanahakikisha kila mtu amesimama, wanasikiliza kama maswali matatu yamejibiwa: jana nilifanya nini, leo nitafanya nini, nimekwamishwa na nini. Maswali hayo Ken Schwaber na Jeff Sutherland, wenye mfumo wao wa Skramu, waliyaondoa kabisa kwenye mwongozo wao wa 2020, lakini yangali yanakaririwa ofisi kwa ofisi kama kiapo. Tabu ni kwamba yote yanayotazamwa yanaghushika. Kusimama kunaghushika, na saa inaghushika. Hata kicheko kinaghushika, maana wiki moja ya mazoezi inamtosha mtu yeyote kucheka saa tatu asubuhi. Zisizoghushika ni dakika kumi zinazofuata.

Kikao kikiisha, mpimaji asiondoke. Avute kiti pembeni, anyamaze, atazame miguu ya watu. Kwenye timu mbovu duara linavunjika kwa mkupuo: kila mmoja anarudi alikotoka, hedifoni zinapanda masikioni, ukumbi unakuwa kimya. Mipango iliyoingia kikaoni ndiyo iliyotoka, bila hata nukta kubadilika. Kile kilikuwa kikao cha kutoa ripoti, na ukiangalia vizuri utakuta macho ya wote yalikuwa kwa mtu mmoja, yule mwenye kalamu.

Kwenye timu nzuri duara linakatika vipande vipande. Wawili wanabaki ubaoni wakibishana juu ya umbo la jedwali moja. Mwingine, aliyetangaza dakika nane zilizopita kwamba leo anamaliza ukurasa wa malipo, anabandua jina lake kwenye kadi hiyo na kumfuata aliyesema majaribio yake yanafeli tangu jana. Prodakti ona anakamatwa kabla hajaufikia mlango, anaulizwa swali ambalo lingemngoja hadi demo. Viti vinakokotwa sakafuni. Mwenye sikio zuri huijua timu kwa sauti ya viti tu.

Halafu kuna kadi inayorudi nyuma, na hiyo ni nadra kuliko vyote. Mtu anaitoa kwenye safu ya kazi zinazoendelea, anairudisha kwenye zinazosubiri, na hakuna anayeomba radhi wala anayeuliza ruhusa. Ubao ambao kadi zake huenda kulia tu, siku zote, kila sprinti, ni ubao unaosema uongo. Kazi ya programu haijawahi kwenda hivyo popote duniani. Vilevile, mpimaji amkumbuke aliyetamka "sijui" kikaoni, aanze kuhesabu muda hadi mwenzake wa kwanza afike mezani kwake. Nusu saa ikipita kabla ya mtu kumfikia, hapo hakuna timu, hata wakiwa na ubao wa kioo.

Kampuni ya programu ya Menlo Innovations, ya Ann Arbor, Michigan, iliyoanzishwa mwaka 2001 na Richard Sheridan na wenzake, hupokea wageni wengi wanaokwenda kuitazama ikifanya kazi. Huko stendapu huendeshwa kwa kupokezana kofia ya plastiki ya Waviking, ile yenye pembe mbili. Mgeni asiyejua huipiga picha kofia. Anayejua hutazama pembe: watengeneza programu wa Menlo hufanya kazi kwa jozi, na zamu ya jozi ikifika, kila mmoja hushika pembe yake na wawili hao hueleza kazi moja. Hakuna awezaye kusema "yangu imeisha". Jozi hizo hupangwa upya kila wiki, hivyo msimbo wowote utakuwa umeshikwa na wengi kabla haujamfikia mteja. Kofia inanunulika dukani. Kupanga jozi upya kila wiki kunamgharimu meneja kiburi chake chote, na ndiyo sababu wanaoiga huishia kwenye kofia.

Fundi mwingine wa kutajwa ni James Shore. Mwaka 2006 alieleza namna ya kuunganisha msimbo mfululizo kwa vifaa vitatu: kompyuta kuukuu, kuku wa mpira na kengele ya mezani. Asiyemshika kuku haunganishi. Aliyemaliza anapiga kengele. Wapenda mitambo walidhani ni mzaha. Lakini anayemhitaji kuku akakuta yuko meza ya tatu lazima amwendee aliyenaye amuulize amefikia wapi, na huko kuulizana ndiko kazi yenyewe. Seva ya gharama kubwa inayounganisha msimbo usiku wakati watu wamelala haimlazimishi mtu kumsemesha mwenzake.

Woody Zuill alikwenda mbali zaidi. Timu yake katika Hunter Industries, watengenezaji wa vifaa vya kumwagilia maji huko San Marcos, California, ilikaa nzima mbele ya kompyuta moja, msimbo ukiangazwa ukutani, kibodi ikizunguka. Mhasibu yeyote ataona watu watano wanaolipwa kwa kazi ya mmoja. Kwa jozi, angalau, mhasibu ana cha kusoma: Laurie Williams alipowapima wanafunzi wa Chuo Kikuu cha Utah mwaka 1999, jozi zilitumia muda wa kazi kama asilimia 15 zaidi, na msimbo wao ukatoka na kasoro pungufu kwa takriban kiwango hichohicho. Kasoro ambayo haikuzaliwa haina haja ya kutafutwa usiku wa manane.

Wapiga changa la macho nao wana ufundi wao. Jozi bandia ni rahisi kuitambua: mmoja anaandika, wa pili anasoma ujumbe kwenye simu chini ya meza. Dawa ni kumwomba huyo wa pili ashike kibodi na kuendelea. Atakayeomba "dakika moja nijikumbushe" amejitaja mwenyewe. Pointi, yaani namba za kukadiria ukubwa wa kazi, ni hila ya wakubwa. Meneja akitangaza kwamba kasi ya timu ipande kwa robo, itapanda. Kazi iliyoitwa tatu juzi leo itaitwa tano, na chati itapendeza kwelikweli. Ron Jeffries, mmoja wa wale 17, aliandika kwamba huenda ni yeye aliyebuni pointi, na kama ni hivyo basi anajuta.

Hila ikikua hufika serikalini. Wizara ya Kazi na Mafao ya Uingereza iliutangaza mradi wa Universal Credit kuwa wa ajaili. Ofisi ya Taifa ya Ukaguzi ilipoufungua Septemba 2013, ilikuta mikataba na taratibu za usimamizi ambazo hazikuendana na njia hiyo, timu iliyojifungia kama ndani ya ngome, na mazoea ya kupandisha juu habari njema peke yake. Mifumo yenye thamani ya pauni milioni 34 ilifutwa kwenye vitabu. Kati ya hayo, la kumtia mpimaji hofu zaidi ni habari njema. Timu ambayo kadi zake hazirudi nyuma huanzia hapohapo.

Retro, kile kikao cha timu kujitazama, haihitaji maneno mengi. Mpimaji aulize: retro iliyopita ilikomesha nini? Likitajwa jambo moja lililoachwa kweli, inatosha. Likitajwa jambo "tutakaloboresha", aage.

Hakika mambo hayakuwa hivi zamani. Kadi za karatasi Kent Beck na Ward Cunningham walizitumia kufundishia usanifu wa programu tangu 1989, na zilizungushwa mezani hadi zikachakaa ncha. Kwenye mradi wa mishahara wa Chrysler, C3, ambako Beck aliingia mwaka 1996 na Jeffries akawa kocha, watu waliandika wawili wawili na msimbo ulikuwa wa wote. Chumba cha aina hiyo kilikuwa na kelele, makombo na mabishano, na kisingefaa kwa picha hata kidogo. Mfumo wao ulikuwa ukilipa watu wapatao 10,000. Februari 2000 mradi ulisitishwa, miezi michache baada ya Beck kutoa kitabu kilichoutangaza mtindo wao. Anayepima kwa hatima ya mradi peke yake angeipa C3 sifuri, akaondoka bila kuona kilichokuwa mezani.

Timu za mbali, zinazokutana kwenye skrini, zisisamehewe. Kwao dakika kumi hutazamwa kwenye orodha ya waliobaki baada ya "kwaherini": wote wakitoweka kwa pamoja, jibu ni lilelile.

Na anayetaka kuiajiri timu aombe kitu kimoja cha mwisho, historia ya hifadhi ya msimbo ya miezi mitatu. Alitafute faili linalobadilishwa mara nyingi kuliko yote, aone limeguswa na majina mangapi. Manne ni mazuri, mawili yanazungumzika. Likiwa ni moja, na mwenye jina yuko likizo, mazungumzo ya bei yaahirishwe hadi arudi.