Ufundi wa Kubana Dizeli

Kubana mafuta kwenye pikapu nzito ya dizeli ni kazi ya kuondoa hasara, si ya kuongeza nguvu. Lita moja ya dizeli ina nishati ya megajuli 36 hivi, na injini ya pikapu yenye afya hugeuza karibu theluthi yake tu kuwa mwendo. Iliyobaki hutoka kama joto kwenye rejeta na eksozi. Rudolf Diesel alipoipima injini yake mjini Augsburg mwaka 1897, alipata asilimia 26, na hata hivyo aliziacha mbali injini za mvuke za wakati wake. Theluthi hiyo ndiyo inayogombewa na mlima, upepo, tairi, breki na mguu wa dereva. Fundi hodari ni yule anayejua kila mmoja wao anachukua kiasi gani.

Kata ya Terrat, kusini mwa Jiji la Arusha, inadai ufundi huu kila siku. Pikapu za huko hubeba mahindi, mchanga, matangi ya maji na mbuzi wa mnadani, na nyingi hutoka kwenye vumbi na kuingia lami ndani ya safari moja. Gari linaloheshimiwa kwa kazi hiyo ni Land Cruiser ya mkonga yenye injini ya 1HZ: silinda sita, sentimita za ujazo 4,164, haina tabo, na muundo wake ulianza kutumika mwaka 1990. Pampu yake ya mafuta ni ya kimakanika, kwa hiyo fundi huirekebisha kwa spana bila kuhitaji kompyuta. Bei ya dizeli haimo mikononi mwa mwenye gari, maana mamlaka ya udhibiti, EWURA, hutangaza bei kikomo kila mwezi. Kinachobaki mikononi mwake ni ulaji wa gari.

Jambo la kwanza ni hewa. Arusha iko mita 1,400 hivi juu ya usawa wa bahari, na hewa yake ni nyepesi kuliko ya Tanga kwa takriban asilimia 15. Injini isiyo na tabo huvuta hewa ileile iliyopo, na pampu ya kimakanika isiyo na kifaa cha kurekebisha mwinuko hupeleka mafuta kama vile gari bado liko pwani. Mafuta yakizidi hewa, hayaungui yote. Ziada hutoka kama moshi mweusi. Chujio la hewa lililoziba huleta balaa hilohilo. Udongo unaozunguka Mlima Meru umetokana na majivu ya volkeno, na vumbi lake la kiangazi ni laini kama unga wa sembe. Fundi mwangalifu hulipuliza chujio la karatasi kutoka ndani kwenda nje, kwa upepo wa wastani, kwani likipulizwa kutoka nje vumbi huzama ndani zaidi, na upepo mkali hulitoboa.

Pampu na nozeli ndipo ufundi unapofikia kilele. Nozeli hupimwa kwa mashine ya mkono: ifunguke kwa shinikizo lililowekwa, zaidi ya mara mia ya shinikizo la hewa ya kawaida, itoe ukungu mwembamba, kisha ijifunge bila kudondosha tone. Nozeli inayodondosha hula mafuta hata gari likisimama na injini ikinguruma. Rangi ya moshi humpa fundi habari kabla hajashika spana. Mweusi ni mafuta mengi au hewa kidogo. Mweupe usiokwisha hata injini ikishapata moto mara nyingi ni dizeli isiyoungua, pengine kwa sababu taimingi imechelewa. Wa bluu ni oili inayoungua. Papo hapo ipo desturi mbaya ya gereji nyingi: kung'oa thamostati ili injini isichemke. Injini hiyo hufanya kazi ikiwa baridi mno, hasa asubuhi za Juni na Julai, na injini baridi hula zaidi na kuchakaa upesi.

Chini ya gari hasara haina moshi wa kuitangaza. Tairi lenye upepo pungufu hujikunja kila linapozunguka na kugeuza dizeli kuwa joto la mpira. Breki inayogusa hutambulika kwa kuweka kiganja karibu na rimu baada ya safari: gurudumu moja huwa na joto kuliko mengine. Habu za mbele zikiachwa zimefungwa kwenye lami, huzungusha ekseli ya mbele bure. Keria tupu nayo huzuia upepo siku zote.

Dereva ndiye fundi wa mwisho. Ukinzani wa hewa huongezeka kwa kipeo cha pili cha mwendo, hivyo gari linalokwenda kilomita 110 kwa saa husukuma upepo karibu mara mbili ya linalokwenda 80. Mlima haulipiki kwa ujanja: pikapu ya tani tatu ikipanda kutoka Moshi hadi Arusha, mwinuko wa zaidi ya mita 500, hutumia zaidi ya lita moja kwa kupanda peke yake. Dereva hodari huchukua mwendo mapema, hukaa kwenye gia inayoiacha injini ivute bila kulemewa, na hapotezi kwa breki nguvu aliyokwisha kuinunua. Wengi huamini kuwa kuteremka kwa frii kunaokoa mafuta. Ukweli ni kinyume. Gari likiteremka ndani ya gia bila kukanyagwa, pampu hukata mafuta kabisa. Likiwa frii, injini lazima ile ili isizimike, na breki ndizo zinazobeba mzigo wote.

Ufundi usiopimwa hugeuka majigambo. Kipimo ni rahisi: jaza tangi hadi juu, andika kilomita, fanya kazi ya kawaida, jaza tena kwenye kituo kilekile, kisha gawanya kilomita kwa lita zilizoingia. Pikapu ya 1HZ isiyo na mzigo mkubwa mara nyingi hutoa kilomita saba hadi tisa kwa lita. Namba ikishuka, ukaguzi huanzia kwenye vitu visivyogharimu: upepo wa tairi, chujio, breki na mzigo uliosahauliwa nyuma. Nozeli hufuata, na pampu huja mwisho. Anayeanzia kwenye pampu mara nyingi huharibu kilichokuwa kizima, kisha hurudi kulipia tatizo ambalo lilikuwa kwenye tairi.