"Sisi" Gani? Ushairi wa Kiapo katika Marekani Iliyogawika

Washairi sita tu ndio waliopata kusoma shairi katika sherehe ya kuapishwa rais wa Marekani: Robert Frost mwaka 1961, Maya Angelou 1993, Miller Williams 1997, Elizabeth Alexander 2009, Richard Blanco 2013 na Amanda Gorman 2021. Marais waliowaalika ni wanne, Kennedy, Clinton, Obama na Biden, na wote ni wa chama kimoja, Democratic. Hakuna rais wa Republican aliyempa mshairi nafasi hiyo. Msomaji wa pwani, aliyezoea kusikia shairi likighaniwa mbele ya mkubwa yeyote awaye, hana budi kushangaa. Mashairi haya husemwa kuwa ni ya taifa zima, kumbe jukwaa lenyewe limekwisha kuegemea upande.

Wala isidhaniwe kwamba lawama ni ya wanasiasa peke yao. Mwaka 2003 Laura Bush, mke wa Rais George W. Bush, aliandaa kikao cha ushairi Ikulu, kwa ajili ya Emily Dickinson, Walt Whitman na Langston Hughes. Mshairi Sam Hamill alipopata mwaliko aliwaomba wenzake mashairi ya kuipinga vita iliyokuwa ikinukia Iraq. Yakamiminika kwa maelfu, na kikao kikaahirishwa. Mimi naona Hamill alikuwa na haki ya kusema. Hata hivyo, tangu hapo mlango uliokuwa wazi kidogo ulizidi kufungika, na waliousukuma walikuwa pande zote mbili.

Tumtazame Gorman, kwa kuwa ndiye aliyesikika zaidi. Aliposimama tarehe 20 Januari 2021, akiwa na umri wa miaka 22, zilikuwa zimepita wiki mbili tu tangu umati ulivamie jengo lile lile la Bunge. Shairi lake, "The Hill We Climb", alilimaliza usiku wa uvamizi. Kwa sikio ni shairi zuri: vina vya ndani, maneno yanayogongana kwa sauti, mikono inayopanda na kushuka pamoja na mizani. Aliyelelewa kwa vina hawezi kulibeza. Lakini likisomwa kwa macho, udhaifu wake hujitokeza katika neno moja, "sisi", linalotawala tangu mwanzo hadi mwisho. Ndani ya "sisi" hiyo wamo wavamizi na waliovamiwa, na hakuna aliyeulizwa kama amekubali kuhesabiwa humo. Ugomvi unaguswa kwa mbali, mara unafunikwa kwa ahadi.

Blanco, kwa maoni yangu, alifanya vizuri zaidi, ingawa hasifiwi sana. "One Today" nalo linahubiri umoja, jua moja juu ya nchi moja, na mahali pengine linachosha kwa orodha zake. Ila linafika mahali likasimama mbele ya watoto 20. Ni wale waliouawa kwa bunduki shuleni Newtown, Connecticut, Desemba 2012, wiki tano kabla ya shairi kusomwa. Hapo "sisi" inapata uzito, maana msiba umetajwa kwa hesabu yake. Aprili 2013 mswada wa kupanua uchunguzi wa wanunuzi wa silaha ulishindwa katika Seneti. Kupitisha sheria si kazi ya shairi. Blanco alikwisha kuweka kidole penye kidonda, nacho ndicho kinachowagawa Wamarekani hadi leo.

Kwetu mfarakano wa kisiasa umezaa malumbano. Muyaka wa Mombasa aliwakabili wapinzani wa mji wake kwa tungo, nao wakajibu kwa tungo. Aliyetupiwa fumbo hulifumbua kwa bahari ile ile, na kwa kujibu huwa amekiri kwamba mpinzani wake ana kauli inayostahili masikio. Je, Gorman amejibiwa vipi? Mwaka 2023, katika shule moja ya Miami Lakes, Florida, mzazi mmoja alijaza fomu ya malalamiko, na kamati ikakitoa kitabu cha shairi hilo kwenye rafu za wanafunzi wadogo, kikahamishiwa kwa wakubwa. Jibu lilikuwa fomu.

Januari 2025 Donald Trump aliapishwa mara ya pili, safari hii ndani ya jengo la Bunge kwa sababu ya baridi, katika ukumbi ule ule ambao umati uliuvamia. Waimbaji walikuwapo, mshairi hakuwapo. Wengi waliona ni afadhali. Mimi ningependa kumsoma mtunzi wa upande ule, mwenye vina vikali na hasira isiyofichwa, anayemwambia Gorman beti kwa beti ni kwa nini hataki kuwamo katika "sisi" yake.